Nafasi ya Jina

Katika nyumba ya Bibi Kewa walikula watu watatu, na sahani zilikuwa nne. Ya nne ilikuwa ya bati, ya bluu, imebanduka rangi ukingoni, na ilikuwa ya mwanawe, Geroda. Kila jioni ilipakuliwa wali na kipande cha samaki kama wapo, ikawekwa upande wa mlangoni, alikopenda kukaa mwenyewe, na ikabaki pale mpaka wengine walipomaliza. Kisha Barek, kila alipokuwa nyumbani, aliimalizia, maana chakula hakitupwi. Miaka tisa msichana yule alikula chakula chake na cha baba yake, na bado alikuwa mwembamba kama ufito. Bibi Kewa alilichukua hilo kuwa ushahidi kwamba kile chakula kilikuwa kinamfikia mwenyewe huko aliko.

Huko aliko ni wapi, hakuna aliyejua. Geroda alivuka bahari toka kisiwani kwao kwenda Malaysia kuvuna michikichi, kama nusu ya wanaume wa mlima ule wanavyokwenda, bila karatasi yoyote ya maana. Mwaka wa tatu akatuma habari kwamba anarudi kwa Pasaka. Wiki ile ile ikazama boti iliyobeba watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mtu mmoja alisema alimwona Geroda akipanda. Mwingine aliapa kwa Bikira Maria kwamba alimwona mwaka uliofuata, shambani, tena amenenepa. Bibi Kewa akamchagua huyu wa pili, na shauri likaishia hapo. Mwanangu yuko safarini, alisema, na atakayesema vingine asinikanyagie uwanja.

Kichekesho cha jambo hili, kama kuna aliyethubutu kucheka, ni kwamba Bibi Kewa ndiye aliyekuwa mwombolezaji mkuu wa vijiji vitano. Mtu akifa mlimani pale, hakuna anayefungua kinywa kumlilia mpaka Kewa afike, akae upande wa kichwa cha maiti, asukumie tambuu shavuni na kuanza. Yeye ndiye aliyeyashika yale maneno ya kumsindikiza marehemu kutoka mlangoni kwake mpaka kwa babu zake, kituo kwa kituo, na jina lake likitajwa pale panapotajwa. Wanawake wengine huitikia tu. Aliwalilia wachawi na makatekista, wazee wa miaka tisini na vichanga vya siku mbili. Mwanawe peke yake ndiye hakumlilia. Maneno yale, alisema, hayasemwi bila maiti. Ukiyasema bila maiti, yanatoka kwenda kumtafuta mmoja.

Palang, mama yake Barek, hakuwa mjane wala hakuwa mke. Nguo nyeusi hakuruhusiwa kuvaa. Kucheka sana sokoni hakuruhusiwa pia, kwa sababu mume yuko safarini. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo hapo mlangoni, na aliyemwambia akasahau.

Barek naye alikuwa na kidonda chake, na kilifunguka kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote. Kwao makaburi yako mbele ya nyumba, na jioni ile kila mtoto huwasha mshumaa wa mtu wake. Barek aliwasha wa babu yake, kisha akazunguka kwa majirani kuwasaidia ya kwao, akikinga upepo kwa viganja. Mwaka mmoja alificha kipande cha mshumaa mfukoni akaenda kukiwasha nyuma ya choo. Bibi akanusa. Hakumpiga. Alikizima kwa vidole vyake, vidole ambavyo siku nyingi havikuwa vikihisi moto, akauliza, "Unamwashia nani njia? Kwani kapotea?"

Barek alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Sasa alikuwa na kumi na saba, kidato cha mwisho, akilala bweni katika shule ya Masista kule mjini na kurudi nyumbani Jumamosi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: aruhusiwe kumlilia baba yake. Na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mlango wa kulipitishia hilo, likaja kupita shuleni, kwenye somo la dini.

Sista Paskalia aliyefundisha dini alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye filimbi shingoni karibu na msalaba, maana ndiye pia aliyefundisha mpira wa wavu. Alitoka upande wa magharibi wa kisiwa, kwa watu wengine na mila nyingine. Kusoma kivivu hakukuvumilia. "Maandiko hayasomwi kwa pua," alikuwa akisema, na mwanafunzi aliyemung'unya maneno alipulizwa filimbi kama aliyeukosa mpira.

Septemba, mwezi wa Biblia, alitoa mtihani wa vitendo. Kila mmoja atapiga kura na kupata kifungu cha maombolezo katika Maandiko. Atakisoma mbele ya darasa. Halafu ataleta kilio cha kwao, cha bibi yake au shangazi yake, naye atueleze viwili hivyo vinafanana wapi.

"Mmeshaona zaburi inavyokwenda," alisema, akitembea huku na huku mbele ya ubao. "Inatembea kwa miguu miwili. Mstari unasema jambo, na mwenzake unalisema tena kwa nguo nyingine. Ukiuondoa mmoja, zaburi inachechemea. Nimekwenda mazishi ya huku kwenu, nimesikia bibi zenu. Wanatembea vivyo hivyo. Sasa mnaniambia nani aliwafundisha?"

Jibu walilijua. Watoto wa mlimani walitazamana. Kilio cha kwao hakisemwi kwa kuchezea, na Sista hakujua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Wakafanya kama wanavyofanya wanafunzi wote duniani: wakaitikia "Ndiyo, Sista," kila mmoja akaenda kutafuta njia ya panya.

Barek alifungua karatasi yake ya kura. Alipata kile kifungu cha nabii kuhusu mama wa zamani anayewalilia wanawe, sauti yake inasikika mbali, na anakataa kufarijiwa kwa sababu hawapo tena. Alikisoma mara tatu. Mara ya nne akakasirika. Mama huyu Barek alimfahamu. Alimwacha Jumapili akipiga mahindi jikoni.

Jumamosi iliyofuata alimkuta pale pale. Bibi Kewa alichomoa punje ya mahindi kutoka kwenye chungu cha moto kwa mkono mtupu, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga kwa jiwe jingine mara moja, ikawa bapa kama sarafu. Punje, jiwe, punje, jiwe.

"Bibi," Barek alianza, "nina kazi ya shule. Sista anataka kilio."

"Kilio cha nani?"

"Cha yeyote. Cha kuandika tu."

"Cha yeyote hakipo." Jiwe likapiga. "Kuna kilio cha mtu."

"Basi nifundishe cha mtu aliyekufa zamani. Cha babu."

"Babu yako nilishamfikisha. Nimwamshe arudi aanze kutembea upya, kisa wewe upate alama?" Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kalilie tango. Liko pale kwenye kikapu, limeshaoza upande mmoja."

Palang, aliyekuwa akichambua majani ya mihogo, aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Barek hakucheka. Alichukua daftari lake akaenda kukaa juu ya kaburi la babu, ambako ndiko watoto wote hufanyia kazi za shule kwa sababu saruji yake ni baridi na imenyooka, akaanza kuandika kwa kukumbuka.

Alikuwa na cha kukumbuka. Tangu akiwa na miaka minane ndiye aliyembebea bibi yake kikapu cha tambuu msiba kwa msiba, akiketi nyuma ya mgongo wake. Na kulikuwa na kilio kimoja alichokisikia mara moja tu, cha mtu aliyefia baharini ugenini, mwili ukaletwa baadaye, ambacho maneno yake ni mengine kwa sababu njia yake ni nyingine. Aliandika mistari kumi na minne. Mingine ilimjia mizima, mingine nusu. Alipofika mahali pa jina aliweka nukta, nyingi, mpaka mwisho wa mstari. Alijiambia kwamba darasani atasema "fulani".

Zamu za darasa zilifika Ijumaa asubuhi. Kabla ya Barek alisimama Nikolaus, mtoto wa mwalimu, mcheshi wa kidato.

"Mimi, Sista, nimeleta kilio cha bibi yangu mwenyewe."

"Vizuri. Alimlilia nani?"

"Nguruwe, Sista. Aliibiwa."

Darasa lilipasuka. Sista alishika filimbi, kisha akaiachia. "Soma."

Nikolaus akasoma, uso mkavu kabisa, habari za yule mwenye shingo nene, yule mwenye tumbo pana. Zizi limebaki wazi, pipa la pumba limebaki limejaa. Sista aliuma mdomo wa chini mpaka ukabadilika rangi.

"Sabini," akasema. "Thelathini nimekata kwa ajili ya woga wako. Lakini miguu yote miwili ipo, nimeiona. Kaa. Barek."

Barek alisoma kifungu cha nabii vizuri, kama mtu anayemsema jirani. Kisha akafungua daftari. Alikuwa amejipanga kusoma tu, kwa sauti ya kusomea. Lakini maneno yale hayana sauti ya kusomea. Mstari wa pili tu tayari koo lake lilikuwa limeshashika njia ya bibi yake, juu kidogo, halafu chini, halafu pumzi ndefu.

*Njia uliyoikanyaga imeota majani,
mlango ulioufunga umeota utando.
Nani huko alikuchotea maji,
nani huko alikutandikia mkeka?*

Nikolaus aliacha kutabasamu. Barek alifika kwenye nukta. Aliziona vizuri, akakumbuka kabisa kwamba atasema "fulani", na kinywa chake kikasema, "Geroda, mwana wa Kewa, mume wa Palang."

Alimalizia mistari iliyobaki kwa sababu haiwezekani kumwacha mtu katikati ya njia. Akafunga daftari, akaketi. Dawati la nyuma Tuto alikuwa analia kwa sauti. Tuto alikuwa wa kijiji chake, nyumba ya tatu kutoka kwao, na koo zao zilikuwa zimeoana tangu enzi za babu.

Sista hakutaja alama. Kengele ilipolia alimzuia Barek mlangoni. "Pole, mwanangu. Baba alifariki lini?"

"Sijui, Sista."

"Hujui lini?"

"Sijui kama alifariki." Akamweleza yote, na sahani. Sista alisikiliza akizungusha filimbi kwenye kidole.

"Sista, kukataa kufarijiwa ni dhambi?" Barek aliuliza mwishoni.

"Ingekuwa dhambi wangemfuta yule mama. Hawakumfuta. Wamemwacha analia humo miaka maelfu, na sisi tunamsoma kanisani." Akafikiri kidogo. "Ila usiishie alipolia. Soma sura nzima. Mungu hamwambii nyamaza. Anamjibu."

"Bibi yangu hakulia hata mara moja."

Sista Paskalia aliomba daftari. Alimpa tisini na nane, akaziandika kwa kalamu nyekundu chini ya mstari wa nukta.

Sasa, mambo ya simu. Wanafunzi wa bweni walirudishiwa simu zao Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Barek hakuwa nayo. Tuto alikuwa nayo. Msichana yule hakuwa mbaya wala mmbea. Alikuwa amelia tu, na aliyelia huwatafuta wa kwao. Akamwandikia mama yake maneno haya: *Barek leo kamlilia baba yake.* Kisha akaenda kucheza mpira.

Mtu wa mahali pengine angeuliza: kamlilia vipi, kwa sababu gani? Kwa watu wa mlima ule hilo halina swali. Mjukuu wa Kewa amelia na jina limetajwa. Basi habari imefika, na kama imefika kwa njia ya shule, labda Masista ndio walioipata. Na tena kwao habari ya kifo haiendi kuhakikishwa. Kumwuliza mfiwa kama kweli amefiwa ni kumtukana mbele ya watoto wake. Ukisikia, unapima mchele wako, unashika kuku wako, unakwenda. Mama yake Tuto alipima mchele.

Jumamosi mchana Barek alishuka kwenye pikipiki pale njia inapoanza kupanda. Mbele yake walitembea wanawake sita wenye vikapu vichwani na vitambaa vya kufumwa mabegani, vile vyeusi. Mmoja alikuwa shangazi wa mbali, wa kijiji cha pili.

"Pole, mwanangu," shangazi alisema, akamshika mkono wote mpaka kwenye kiwiko. "Pole sana. Jikaze."

"Asante, shangazi. Kwani kuna msiba wapi?"

Wanawake walisimama. Walitazamana.

"Unatuuliza sisi?" shangazi alisema taratibu, kwa huruma, kama anavyosemeshwa mtu aliyechanganyikiwa na majonzi.

Barek alielewa. Alitamani pikipiki irudi. Alitamani ardhi impishe. Lakini shangazi alikuwa bado ameushika mkono wake, na njia ilikuwa moja tu, ya kupanda.

Uwanja ulikuwa umejaa. Turubai lilikuwa limefungwa toka asubuhi. Wanaume walikaa upande huu, magunia ya mchele yalipangwa upande ule, na mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye msalaba wa kaburi la babu. Mkubwa wa ukoo, Ama Payong, yaani Baba Payong kwa lugha yao, mzee mnene mwenye masikio mazito, alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Watu kama mia moja, na hakuna aliyesema neno. Wangesemaje? Hakuna anayefungua kinywa mpaka Kewa aanze. Na Kewa alikuwa jikoni, mlango wazi, akipiga mahindi. Punje, jiwe, punje, jiwe. Alikuwa hivyo, Barek aliambiwa baadaye, tangu mtu wa kwanza alipoingia uwanjani. Hakumfukuza mtu na hakumkaribisha mtu.

Kwenye mkeka, katikati ya wanawake, alikaa Palang. Alikuwa amefungua nywele zake, zikamwagika mpaka kiunoni. Barek hakuwahi kuona nywele za mama yake zikiwa wazi mchana. Nywele huachwa wazi na mjane, na Palang alikuwa amezifungua bila kumwuliza yeyote, akaketi, na usoni alikuwa na kitu ambacho Barek angeweza kukiita raha kama si mahali pale.

Barek alivuka uwanja. Alisikia jicho la kila mtu mgongoni. Akaingia jikoni, akapiga magoti upande wa pili wa jiwe.

"Umefika," Bibi Kewa alisema bila kuinua uso. "Umekula?"

"Bado, Bibi."

"Imekuja barua?"

"Hapana."

"Kuna mtu wa serikali amekuja? Kuna padri amepigiwa simu?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nani kamuua mwanangu?"

Jiwe halikupiga. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile jiwe kunyamaza, na watu wa uwanjani wote walisikia kimya kile.

"Mimi," Barek alisema. Kisha machozi yakaja, na hasira ikaja nyuma yake, akasema mambo ambayo katika nyumba ile hayakuwahi kusemwa. "Ni mimi, Bibi. Nilitaka kusema fulani, nikamsema yeye. Nisamehe. Lakini nimechoka. Nimechoka kula chakula chake. Kila Novemba nawashia watu wa wenzangu mishumaa, wangu namficha chooni. Kila aliyekufa mlima huu umempeleka kwao, hata yule mwizi wa mbuzi umempeleka. Baba yangu tu umemwacha njiani amesimama. Miaka tisa amesimama, Bibi! Kama yuko hai, atatucheka akirudi. Kama hayuko hai, nani anamwonyesha njia?"

Bibi Kewa alitazama vidole vyake. Huko nje mbuzi mmoja alilia, mtu akamnyamazisha.

"Lete hilo daftari," alisema.

"La nini, Bibi? Husomi."

"Nina masikio. Unasema umemlilia mwanangu mbele ya watu. Nataka nijue umemlilia vipi."

Barek alitoa daftari kwenye begi. Alisoma mstari wa kwanza na wa pili, kwa sauti ya kusomea, na bibi yake alitikisa kichwa kwamba endelea. Wa tatu, wa nne. Huko nje watu walikuwa wamesogea mlangoni. Wa tano: *Mawimbi yamekuwa shuka yako.* Akaruka wa sita.

"Ngoja." Kewa aliinua mkono. "Mwenzake uko wapi?"

"Sikuukumbuka."

"Hukuukumbuka ukauacha umesimama na mguu mmoja? Mbele ya Sista?" Alikunja uso, mwalimu kabisa. "*Mawimbi yamekuwa shuka yako, mchanga umekuwa mto wako.* Mtu hafunikwi bila kulazwa kichwa. Andika."

Barek aliandika juu ya goti.

"Endelea."

*Umelala mbali na mwamba wa babu yako.*

"*Umelala mbali na kisima cha mama yako.* Andika. Na hapo usiseme kwa haraka hivyo, unamfukuza? Sema hivi." Kewa akasema tena mstari huo, na safari hii haukuwa wa kusema. Ulianza juu, ukashuka, ukaisha kwa pumzi ndefu. Mlangoni mwanamke mmoja alianza kuitikia, akajizuia kwa kiganja.

Wakaenda hivyo mstari kwa mstari. Mwanafunzi alisoma, bibi akasahihisha. Kila sahihisho lilikuwa refu kuliko lililopita. Alimrudisha palipokosewa mlima, alimrudisha palipokosewa mto. Jasho lilimtoka. Mikono yake ilikuwa imeacha jiwe na ilikuwa inatembea hewani, ikitafuta kichwa cha maiti cha kukaa kando yake, na haikukipata. Palang alikuwa amenyanyuka mkekani na kuja kusimama kizingitini, nywele zote wazi.

Kisha Barek akanyamaza.

"Mbona umekwama?"

"Hapa hapana kitu, Bibi." Akageuza daftari, ingawa bibi hasomi, akamwonyesha zile nukta na wino mwekundu chini yake. "Hapa niliacha nafasi. Ni pa jina."

Bibi Kewa aliitazama ile nafasi. Aliitazama kwa muda mrefu sana hata Ama Payong, asiyesikia vizuri, akauliza kwa sauti kama tayari imeanza, akaambiwa hapana. Alipitisha kidole juu ya nukta, toka mwanzo mpaka mwisho wa mstari, kama anayehesabu.

"Wewe ulimwita nani?"

"Geroda, mwana wa Kewa."

"Hilo la kanisani na la ukoo. Ukimwita hivyo mtu aliyepotea hageuki." Sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki hewa. "Alipokuwa mdogo alikataa kutembea. Miaka miwili mizima, kazi yake kubebwa. Nilimwita Kimzigo. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo."

Akafumba macho, akafungua kinywa, akamwita. *Kimzigo changu, shuka mgongoni. Kimzigo changu, sasa tembea.* Palang alianguka pale kizingitini, na uwanja mzima ukaitikia, watu mia moja kwa pumzi moja, hata mlima wa pili ukasikia.

Jumapili padri alipanda kuja kusoma misa, na mbele ya nyumba, kando ya babu, likazikwa shati la Geroda lililokunjwa ndani ya kitambaa cha kufumwa. Sanduku lilikuwa dogo kama la mtoto. Wakati wa chakula Barek, kwa mazoea, alipakua sahani ya bluu akaiweka upande wa mlangoni. Akashtuka, akageuka kumtazama bibi. Lakini Ama Payong, aliyekuwa amekaa karibu bila kujua lolote, alikuwa ameshaivuta, akaimaliza, akaomba aongezwe samaki. Bibi Kewa alimwongeza.

Jioni watu walipopungua, alimwita Barek jikoni. Chungu kilikuwa motoni, mahindi yalikuwa yanaruka.

"Huyo Sista alikupa ngapi?"

"Tisini na nane."

"Mbili zilizokatwa ni za ule mguu mmoja. Anajua kazi yake." Akachomoa punje, akaiweka juu ya jiwe, lakini hakuipiga. "Chukua ukurasa mpya. Nitakusemea chote, toka mlangoni mpaka mwisho, na uandike vizuri, usiruke. Miaka yote nawasindikiza watu, hakuna aliyewahi kujifunza."

Barek aliandika mpaka kiganja kikamuuma. Walipofika pale panapotajwa jina aliinua kalamu, akangoja aambiwe aandike nani.

"Hapo acha nafasi," Bibi Kewa alisema. "Jina langu unalijua."